Mfereji Umefika, Maji Je?

Anayeshuka kutoka Asumbi kuelekea ziwani, akapita Kochia na kushika njia ya Kendu Bay, hatimaye hukutana na mifereji. Si mitaro ya kupitishia maji ya mvua. Ni mifereji iliyopimwa na wahandisi, mirefu, yenye milango ya kufungia na kufungulia maji. Mahali pengine maji hupita na pembeni yake kuna mpunga, mahindi na nyanya. Mahali pengine mfereji upo, maji hayapo. Huo ndio mradi wa umwagiliaji wa Kimira-Oluch, na kwa mtu anayetaka kujua kwa nini kazi ya watu wengi hukwama, Kaunti ya Homa Bay haina darasa kubwa kuliko hilo.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Mwaka 2006 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za ujenzi, Serikali ya Kenya ikaahidi kuongeza za kwake, na utekelezaji ukakabidhiwa Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, ile LBDA iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Maji yangetoka kwenye mito ya Kibuon na Tende, yashuke yenyewe kwa mteremko bila pampu wala bili ya stima, yamwagilie hekta 1,474: hekta 808 upande wa Kimira na 666 upande wa Oluch. Familia zipatazo 3,000 zingepanda hata mvua ikigoma.

Kilichofuata wakulima wa huko wanakijua kwa moyo. Muda wa mradi ulipokwisha, ukaongezwa. Ulipokwisha tena, ukaongezwa tena. Hata baada ya mifereji mikuu kuchimbwa, sehemu ya zile hekta iliendelea kungoja, kwa sababu mfereji mkuu peke yake haumwagilii shamba la mtu.

Hapo ndipo watu hupenda kutafuta mwizi. Wapo wanaosema fedha zililiwa, wapo wanaosema mkandarasi ni mbovu, na hayo huenda yana mahali pake katika miradi mingi ya nchi hii. Lakini mwizi ni maelezo ya haraka mno. Mradi unaweza kuwa na fedha, wahandisi, mito miwili na udongo mweusi wenye rutuba, ukakwama vilevile, na kila aliyehusika akiulizwa ana jibu sahihi mdomoni.

Skimu ya maji ya mteremko ni kazi ya kupokezana. Kwanza kuna banio mtoni, panapogeuzwa maji. Kisha mfereji mkuu, kisha mifereji ya kati, kisha ile midogo inayoingia katika kila eneo la mashamba, na mwisho mkulima mwenyewe na jembe lake akifungua njia ya maji kwenye tuta lake. Maji haya yana ukaidi: hayapandi hata kwa amri ya waziri. Kiungo kimoja cha juu kikichelewa, wote wa chini wanangoja. Kiungo cha chini kikikosekana, kazi yote ya juu haina faida kwa mtu yeyote.

Na kila kiungo kina mwenyewe. Banio na mfereji ni wa mkandarasi hadi siku ya kukabidhi. Ardhi ni ya familia, na mfereji ukikata shamba la mtu katikati, huyo atataka fidia kwanza, na ana haki. Mgogoro wa mpaka ni wa chifu na ofisi ya ardhi. Zamu za maji ni za chama cha watumiaji maji, ambacho lazima kiundwe, kifundishwe na kiwe na mweka hazina anayeaminika kabla tone la kwanza halijafika. Halafu katikati ya safari nchi yenyewe ikabadilika. Mradi ulioanza chini ya serikali moja ya Nairobi ulikuta Katiba ya 2010 njiani, na mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, kilimo kikawa jukumu lao. LBDA ikabaki ya serikali kuu. Kwa hiyo mfereji ulikuwa na bosi mmoja, na afisa wa kilimo wa kumshauri mkulima apande nini pembeni ya mfereji huo alikuwa na bosi mwingine kabisa, mwenye bajeti yake na siasa zake.

Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ndivyo ilivyotokea.

Tatizo la kazi ya timu, basi, mara nyingi haliko ndani ya kazi ya mtu yeyote. Liko kwenye mshono, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Mahali hapo hapana jina katika bajeti, hapana mshahara, na kwenye ripoti ya mwezi hapana safu yake.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya kila siku ni zahanati. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao Wakenya tangu 2003 wameuita CDF na sheria ya 2015 ikauita NG-CDF, umejenga zahanati nyingi vijijini. Kuta, bati, rangi, jina la mradi ukutani: kazi imekwisha, picha imepigwa. Lakini afya ni jukumu la kaunti. Muuguzi anaajiriwa na kaunti, dawa zinanunuliwa na kaunti, na kaunti hiyo pengine haikuwa na nafasi ya muuguzi huyo katika bajeti ya mwaka ule. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimerudia mwaka baada ya mwaka habari ya majengo yaliyokamilika yasiyotumika. Ukimuuliza mjenzi, atasema alijenga. Ukiuliza kaunti, itasema haikuombwa ushauri. Wote wawili wanasema kweli, na mama mjamzito anapanda boda kwenda hospitali ya mbali.

Si miradi ya vijijini pekee. Kaskazini mwa nchi, kwenye upepo wa Loiyangalani, kulisimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme, megawati 310, mradi binafsi mkubwa usio na mfano wake nchini. Mitambo ilikuwa imesimama yote mwaka 2017. Haikuwasha taa hata moja. Njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la upande mwingine, yaani serikali, na kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi ilifilisika njiani. Njia ilikamilika Septemba 2018. Mkataba ulikuwa umesema kwamba umeme ukiwa tayari na njia haipo, mwenye mitambo alipwe vilevile, na ikawa hivyo: mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma bure. Timu mbili, kila moja na ratiba yake, na kalenda mbili ambazo hakuna aliyezilaza mezani pamoja mapema ya kutosha.

Wakulima wa Rongo na Awendo wanalielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili, maana wanaishi na muwa. Tangu kiwanda cha sukari cha Sony kianzishwe Awendo katika miaka ya 1970, mkulima amekuwa akitegemea mikono mitatu isiyokuwa yake: wakataji, wenye matrekta na kiwanda. Muwa uliokwisha kukatwa haungoji mkutano. Kila siku unayolala juani hupoteza uzito na sukari, na mtambo ukiharibika huku wakataji wakiendelea kukata kwa sababu hakuna aliyewapigia simu, hasara ni ya mkulima, ambaye hakukosea lolote.

Dawa inayopendwa zaidi ni kuongeza watu. Mradi ukilegea, kamati hupanuliwa: aingie mwakilishi wa vijana, wa akina mama, wa kanisa, wa waliosoma zamani shuleni hapo, wa ofisi ya mheshimiwa. Kwa haki ya uwakilishi si vibaya, na sheria zenyewe zinataka hivyo. Kwa kazi, hesabu ni kali. Watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Kamati ya watu 25 ina njia 300, na katika hizo 300 haikosi moja ambayo ujumbe umeingia ukiwa "tukutane Jumanne" na kutoka ukiwa "tumeahirisha". Frederick Brooks, mhandisi wa Marekani aliyeongoza kazi ya programu kubwa za kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wageni lazima wafundishwe na wale wale waliokuwa wakifanya kazi. Alikuwa akizungumzia programu. Angekaa kikao kimoja cha harambee ya bweni, angeandika sura ya pili.

Kundi la WhatsApp la kamati halijapunguza mkanganyiko huo. Limeuongeza. Ndani yake kuna picha ya saruji iliyoshushwa, salamu za asubuhi, tangazo la mazishi, matokeo ya mechi ya Gor Mahia, na mahali fulani katikati ya hayo swali la fundi: mchanga unaingia leo au kesho? Watu 40 wameliona. Kila mmoja amedhani mwingine atajibu.

Na fundi huyo ana swali jingine ambalo hataliuliza kabisa. Hebu litazamwe kwa karibu, maana hapa pana kikwazo ambacho vitabu vya usimamizi vya ng'ambo hukipita haraka. Mkutano wa saiti umeitishwa. Yupo chifu, yupo mwakilishi wadi, yupo mhandisi mwenye kofia nyeupe, mwalimu mkuu ametoa viti vya wageni. Kwenye ile orodha ya vifaa na bei ambayo mafundi huiita BQ, imeandikwa bati la geji 28. Lililopakuliwa kwenye lori ni geji 30, jembamba zaidi, ambalo mvua ya mawe ya eneo hili italitoboa kabla ya miaka mingi kupita. Fundi amelishika kwa mikono yake, anajua. Mheshimiwa anauliza kazi inaendaje. Jibu ni lile lile siku zote: "Mheshimiwa, kazi iko sawa." Kwani aseme nini? Aliyeleta bati ndiye anayemlipa Jumamosi. Aliyeuliza ni mkubwa, yuko mbele ya watu, na kumwambia mkubwa habari mbaya hadharani ni kumwaibisha. Heshima, ambayo ni nguzo ya nyumba zetu, kwenye saiti hugeuka pazia.

Pazia hilo lina lugha yake rasmi, nayo ni asilimia. "Tuko asilimia 80," husema ripoti. Mwezi ujao 85. Miezi sita baadaye 90. Hakuna anayeuliza ile 10 iliyobaki ni nini, na mara nyingi ndiyo inayofanya kitu kitumike: mabomba ya maabara, stima, kitasa, mfereji mdogo wa mwisho. Swali la maana kwa mradi wa maji si umefika asilimia ngapi. Ni hili: shamba la nani limelowa?

Wakubwa wa zamani nao hawakuwa bora. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa, kwa ndoto ya kusafisha zaidi ya ekari milioni 3. Ukame wa Kongwa ukakausha udongo ukawa mgumu kama matofali, mashine za mtumba za vita zikavunjika kwenye mizizi, na huku London ikiendelea kudai takwimu za ekari. Mwaka 1951 mradi ulifutwa na pauni milioni 36 hivi zikaandikwa hasara. Wenyeji wa Kongwa walijua mvua ya kwao. Haikuwa kazi ya mtu yeyote kuwauliza.

Kisha kuna kikwazo cha Juni. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni, na fedha za kaunti zina desturi ya kuchelewa kutoka Hazina Kuu. Miezi ya kwanza hupita kwa zabuni na kungoja. Fedha zikiingia mwishoni, kila ofisi hukimbia: vocha zinasainiwa usiku, saruji inanunuliwa kwa wingi ili fedha zisirudi, halafu inakaa stoo. Saruji haiwezi kungoja. Baada ya miezi mitatu hivi kwenye unyevu huanza kuganda ndani ya mfuko, na fundi akiipiga kwa nyundo ndipo kamati hugundua kwamba ilinunua mawe. Aliyepanga kazi ni idara ya ujenzi, aliyechelewesha fedha yuko Nairobi, na aliyenunua kwa haraka ni idara ya ununuzi iliyokuwa ikifuata tarehe. Mshono mwingine tena usio na mwenyewe.

Mipango nayo hubadilishwa njiani. Kila anayeingia ofisini ana wazo, na wazo huongezwa juu ya jengo lililokwisha kuanza: ghorofa moja zaidi, ukumbi, lango kubwa lenye jina. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaweka mpaka: mabadiliko yote ya mkataba yasizidi asilimia 25 ya bei ya awali. LBDA hiyo hiyo ya Kimira-Oluch inalijua jambo hili vizuri, kwani jumba lake la maduka la Kisumu, lililoanza kwa takriban shilingi bilioni 2.5, lilipita bilioni 4, likafika mbele ya kamati za Bunge, na likakaa muda mrefu bila wapangaji wa kutosha. Kuna namna ya uongozi inayopenda kuzindua kuliko kukabidhi. Kuzindua kuna ngoma na mahema. Kukabidhi kuna mabishano kuhusu ufa ukutani.

Uhamisho wa maafisa ni jambo la kusemwa kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu amelishuhudia. Mhandisi aliyejua kwa nini mfereji ulipindishwa pale kwenye mwamba amepelekwa kaunti nyingine, na aliyekuja amekuta faili isiyo na ukurasa huo. Anauliza, anaambiwa "ndivyo tulivyoikuta". Asumbi, pale safari ya kwenda ziwani ilipoanzia, iliponea hapo kwa sababu isiyo ya kiserikali: misheni ya Kikatoliki, shule ya wasichana, chuo cha walimu na makao ya masista vilikua mahali pamoja kwa miaka mingi chini ya watu walioishi hapo hapo. Mahali pa namna hiyo, anayechimba kisima yupo siku kinapokauka.

Watu wa eneo hili hawakuhitaji kufundishwa kazi ya pamoja. Wajaluo wana saga tangu zamani. Mwenye shamba huwaalika majirani, hupika, wote hushika majembe asubuhi na kulima mpaka upande wa pili. Ukichunguza kwa nini saga haikwami, utaona mambo ambayo Kimira-Oluch haikuwa nayo. Shamba lina mwenyewe mmoja, naye yupo, anaona kila tuta. Mwisho wa kazi unaonekana kwa macho tangu mwanzo. Na hakuna anayeweza kusema amelima asilimia 80 wakati magugu yako mbele ya kila mtu. Bila shaka saga ni kazi ya siku moja na shamba moja, na mfereji wa kilomita nyingi hauwezi kuendeshwa kwa chungu cha uji. Lakini hitaji la mtu mmoja anayeona kazi yote, toka mtoni hadi tutani, halipungui mradi unapokua. Linaongezeka.

Wapo watakaosema dawa ni tarehe kali, na wana ushahidi wa hivi karibuni. Sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2025 zilifanyika Homa Bay, katika Uwanja wa Raila Odinga. Uwanja huo ulikuwa umejikokota miaka mingi. Rais alipotangazwa kuja, ukapata mbio: serikali kuu na kaunti zikakaa meza moja, taa zikafungwa, nyasi zikapandwa, barabara za mji zikawekwa lami. Ni kweli, tarehe isiyosogezwa hufanya kazi. Ila si tarehe peke yake iliyofanya kazi pale. Kwa miezi michache kila ofisi ilikuwa na bosi mmoja wa kuogopa, na aliyekwamisha alijulikana kwa jina siku ile ile. Zahanati ya kijijini haitapata bahati hiyo. Rais haji kufungua kila chumba cha kujifungulia.

Mfano unaofaa kufuatwa zaidi uko jirani, na hautajwi mara nyingi kwa sababu ulianza vibaya. Mto Sondu, mpakani mwa Nyakach na Rachuonyo, ulikusudiwa kuzalisha umeme wa megawati 60 kwa mkopo wa Japani. Ujenzi ulianza 1999. Muda si muda malalamiko yakajaa: vumbi la magari kwenye nyumba na mashamba, vijana wa pale kunyimwa ajira, fidia ya ardhi, na hofu kwamba mto ukiingizwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, walio chini yake watabaki na mawe. Habari zikafika hadi bunge la Tokyo, na mkopo wa awamu ya pili ukasitasita miaka kadhaa.

KenGen, kampuni ya serikali iliyokuwa na mradi huo, ingeweza kujifungia na wanasheria. Badala yake, mapema 2001 ilikubali kamati ya kiufundi iliyowaketisha pamoja wakazi, mashirika ya kiraia, maafisa na wahandisi, wakigawana masuala: mazingira, fidia, ajira, usalama. Haikuwa kamati ya watakatifu. Walibishana, wengine waliishutumu kuwa mapambo ya kuwafurahisha Wajapani, na si kila lalamiko lilimalizwa. Lakini ilikuwa na kitu ambacho mikutano ya saiti haina: ruhusa ya kusema habari mbaya, na watu waliogawiwa kuishughulikia. Vumbi likawa na mwenyewe. Fidia ikawa na mwenyewe. Mkopo wa pili ulitiwa saini 2004, umeme ukaanza kutoka, na mwaka 2008 kituo kilikuwa kimekamilika. Maji yale yale yakitoka kwenye mtambo yalitumika tena chini yake, katika kituo cha Sang'oro cha megawati 21, mwaka 2012. Mradi ulichelewa sana, ndiyo, na bei ya kuchelewa ililipwa. Ila uliishia kwenye nyaya za stima.

Tofauti ya Sondu na miradi mingine mingi si ustadi wa wahandisi. Ni kwamba mshono kati ya mhandisi na mwanakijiji ulipewa watu na mahali pa kukutana. Kikao kama hicho hakina gharama kubwa ukilinganisha na banio. Kinachokosekana ni mtu mwenye cheo anayekubali kuketi mahali ambapo ataulizwa swali asilolipenda.

Mpaka apatikane, mwananchi ana mlango mwingine ambao wengi hawajaubisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuuliza ofisi ya umma: BQ ya jengo hili iko wapi, nani alitia saini kulipokea, nani ana jukumu la mfereji mdogo wa mwisho, fedha za muuguzi ziko katika bajeti ya nani? Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman. Ombi halitozwi ada ya kuliwasilisha. Linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na mtu asiyejua kusoma na kuandika akienda mwenyewe kusema swali lake kwa mdomo, afisa wa ofisi hiyo analazimika kuliandika kwa niaba yake na kumpa nakala.